Kwa Nini Taarifa ya Kilimo Humfaa Mmoja na Kumwacha Mwingine Alivyokuwa

Kati ya mwaka 1997 na 2001 simu za mkononi zilienea hatua kwa hatua katika pwani ya jimbo la Kerala, kusini mwa India, na wavuvi wa dagaa wakaanza kuulizia bei za masoko mbalimbali wangali baharini. Kabla ya hapo kila chombo kilirudi ufukweni kwake, na mara nyingi kilikuta samaki wamefurika na wanunuzi wamekwisha kujaza mizigo yao, ilhali umbali wa kilomita 15 tu palikuwa na wanunuzi waliokosa samaki kabisa. Mchumi Robert Jensen, aliyeyafuatilia masoko hayo na kuchapisha matokeo yake mwaka 2007, alionyesha kwamba samaki waliokuwa wakitupwa kwa kukosa mnunuzi, ambao walikuwa kati ya asilimia 5 na 8 ya waliovuliwa, walitoweka karibu wote katika hesabu. Faida ya wavuvi ikapanda kwa wastani wa asilimia 8, na mlaji naye akanunua kwa bei iliyoshuka kwa asilimia 4.

Miaka michache baadaye, katika jimbo la Maharashtra la nchi hiyo hiyo, ulifanyika utafiti katika vijiji 100. Baadhi ya wakulima walipewa bure huduma ya ujumbe mfupi wa simu iliyowaletea bei za mazao, utabiri wa hali ya hewa na ushauri wa kilimo. Wachumi Marcel Fafchamps na Bart Minten walipowalinganisha waliopokea ujumbe na wasioupokea, hawakuona, kwa wastani, tofauti ya maana katika bei walizouzia mazao yao.

Matokeo haya mawili yakiwekwa pamoja yanaonekana kupingana, na wapo wanaochagua moja kati yake kulingana na wanachotaka kuthibitisha. Kwa maoni yangu hayapingani hata kidogo. Mvuvi aliyeko baharini ana shehena itakayooza kabla ya kesho, ana injini na mafuta, na bado hajaamua atatia nanga wapi, kwa hiyo akisikia bei anageuza usukani. Mkulima aliyekopeshwa mbegu na mbolea na mnunuzi kwa makubaliano ya kumuuzia yeye, au asiye na namna ya kusafirisha magunia yake hadi soko la pili, anaweza kuzijua bei za masoko yote na bado akauza palepale alipouza mwaka jana. Taarifa humfaa mtu pale inapomkuta uamuzi ungali mikononi mwake na njia ya kuutekeleza ipo. Jambo hili linasahauliwa mara nyingi katika mazungumzo juu ya kusambaza taarifa za kilimo, na ndilo linaloeleza kwa nini miradi mingi yenye nia njema huacha nyuma idadi kubwa ya ujumbe uliotumwa na mabadiliko machache shambani.

Neno moja, mambo manne

Ugumu wa mada hii unaanzia kwenye neno lenyewe. Tunaposema "taarifa za kilimo" tunaweka ndani ya kapu moja vitu visivyofanana: bei za soko, tahadhari za wadudu na hali ya hewa, maarifa ya namna ya kulima na kuhifadhi mazao, na takwimu zinazomhusu mkulima mwenyewe, kama vile ukubwa wa shamba lake na mavuno yake. Kila kimoja kina tabia yake kinapogawanywa, na kanuni inayokifaa kimoja inaweza kukiharibu kingine.

Bei huzeeka upesi. Ya jana inaweza kuwa haina maana leo, na tena hupoteza makali yake kadiri wengi wanavyoijua, maana wauzaji wote wakikimbilia soko lile lile lenye bei nzuri, bei hiyo hushuka. Hilo si hasara kwa jamii. Katika Niger, mchumi Jenny Aker aligundua kwamba kuenea kwa simu kati ya mwaka 2001 na 2006 kulipunguza tofauti za bei za nafaka kati ya masoko kwa takriban asilimia 10 hadi 16, na nafaka inayohama kwa wepesi kutoka kwenye ziada kwenda kwenye upungufu ni msaada mkubwa kwa mwenye njaa. Waliopiga simu hizo, hata hivyo, walikuwa zaidi wafanyabiashara wa nafaka. Mkulima anaweza kunufaika kwa sababu mfanyabiashara amejua, hata kama yeye mwenyewe hajapokea ujumbe wowote.

Tahadhari ni kinyume cha bei, kwani thamani yake hupanda kadiri wanaoipata wanavyoongezeka. Shamba moja lisilokaguliwa linaweza kuwa mazalia ya wadudu watakaowasumbua majirani wote. Kiwavijeshi vamizi, ambaye asili yake ni bara la Amerika, aliripotiwa Afrika Magharibi na Kati mwanzoni mwa mwaka 2016, na kufikia mwaka 2018 alikuwa ameonekana karibu kila nchi kusini mwa Sahara. Nondo wake anaweza kuruka takriban kilomita 100 kwa usiku mmoja. Wataalamu wa Amerika walikuwa wamemsoma mdudu huyo kwa miongo mingi, kwa hiyo maarifa yalikuwepo duniani. Yalikosekana katika lugha ya mkulima, kwa kipimo cha shamba lake dogo, na kwa wakati uliotakiwa. Kiwavi huyu hudhibitika vizuri akiwa bado mdogo, kabla hajajificha katikati ya majani machanga ya mmea wa mahindi, na kipindi chake chote cha ukiwavi katika joto ni takriban wiki mbili. Ushauri sahihi unaochukua siku 10 kufika unamkuta mkulima mbele ya hasara iliyokwisha kutokea, na kibaya zaidi, unaweza kumfanya anunue na kunyunyizia sumu ambayo haitamfikia tena mdudu aliyejificha.

Utabiri na uaminifu wake

Utabiri wa msimu unastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu ndiyo taarifa inayopotoshwa zaidi njiani hata pale ambapo kila mhusika ana nia safi. Wataalamu wa hali ya hewa hawasemi kwamba msimu ujao utakuwa wa mvua nyingi au wa ukame. Kwa kawaida huigawa historia ya mvua ya eneo katika mafungu matatu yaliyo sawa, yaani misimu iliyozidi kawaida, iliyokaribia kawaida na iliyopungua, kisha hueleza uwezekano wa msimu ujao kuangukia katika kila fungu. Asiyejua lolote angetoa takriban asilimia 33 kwa kila moja. Utabiri unaposema kuna uwezekano wa asilimia 45 wa mvua kupungua, maana yake ni kwamba mizani imeinama upande huo, lakini bado uwezekano wa mvua kutopungua ni asilimia 55.

Fikiria sasa safari ya sentensi hiyo. Mtaalamu anaiandika kwa asilimia, mwandishi wa habari anaifupisha kuwa "mvua zitakuwa chache," afisa ugani, yaani mshauri wa wakulima, anaitangaza mkutanoni kama onyo, na mkulima anaisikia kama ahadi ya ukame. Anaacha zao lake la kawaida na kupanda lote linalostahimili ukame. Mvua zikija za kutosha, jambo ambalo utabiri wenyewe ulisema lina uwezekano mkubwa kidogo kuliko kinyume chake, mkulima huyo amepoteza mavuno na amepoteza imani, na msimu unaofuata hatasikiliza hata kama mizani imeinama kwa asilimia 70. Uamuzi unaolingana na asilimia 45 ni wa kugawanya: sehemu ya shamba ipandwe aina inayokomaa mapema, akiba ya mbegu iwekwe kwa ajili ya kurudishia, na mkopo mkubwa wa pembejeo usichukuliwe kwa tegemeo la msimu mmoja. Wakulima huyaelewa haya kwa wepesi sana wanapoelezwa, kwa sababu maisha yao yote ni ya kupima uwezekano. Kudhani kwamba hawawezi kuipokea taarifa isiyo na uhakika ni kuwakosea heshima, na dhana hiyo ndiyo inayozaa matangazo ya kukata shauri ambayo baadaye huonekana kuwa uongo.

Maarifa hupitia kwa watu

Mwaka 1943 watafiti Bryce Ryan na Neal Gross walichapisha utafiti juu ya namna wakulima wa Iowa, nchini Marekani, walivyoipokea mbegu chotara ya mahindi. Mbegu hiyo ilikuwa bora kwa wazi, na walipouliza waligundua kwamba wengi waliisikia kwanza kwa wauzaji wa mbegu. Lakini kusikia hakukutosha. Tangu mkulima wa kawaida alipoisikia hadi alipoanza kuitumia ilipita takriban miaka 9, na chanzo kilichowashawishi zaidi kilikuwa jirani aliyekwisha kuijaribu. Tangu hapo imejulikana kwamba kufahamu jambo na kulikubali ni hatua mbili, na kwamba njia inayoifaa hatua ya kwanza si lazima iifae ya pili. Redio inaweza kuwaambia maelfu kwa siku moja kwamba kitu kipo, ila mtu husadiki pale anapokiona kikiota kwenye udongo unaofanana na wake.

Ugunduzi huo ungeweza kubadilisha huduma za ugani mapema. Hata hivyo, kuanzia miaka ya 1970 Benki ya Dunia ilifadhili katika nchi nyingi mfumo wa mafunzo na ziara, uliobuniwa na Daniel Benor, ambamo wataalamu waliwafundisha maafisa ugani kwa ratiba maalumu, nao maafisa wakawatembelea wakulima wachache waliochaguliwa ili hao wawafikishie wengine ujumbe huo huo. Mfumo huu ulileta nidhamu mahali ambapo maafisa walikuwa wameelemewa na kazi zisizohusu kilimo, na sifa hiyo ni haki yake. Kasoro yake ilikuwa mwelekeo: ujumbe ulishuka kutoka juu, ukiwa mmoja kwa mashamba yasiyofanana, na gharama zake za uendeshaji ziliishinda bajeti ya serikali nyingi mara ufadhili ulipokwisha.

Indonesia iliifikia njia nyingine kwa uchungu. Mashamba yake ya mpunga yalikuwa yakishambuliwa na mdudu mdogo wa kahawia anayefyonza utomvu, na kadiri dawa zilivyonyunyiziwa ndivyo alivyozidi, kwa kuwa sumu iliwaua buibui na wadudu wengine waliokuwa wakimla. Mwaka 1986 serikali ilipiga marufuku matumizi ya aina 57 za viuatilifu kwenye mpunga. Amri peke yake isingemfundisha mkulima afanye nini badala yake, kwa hiyo mwaka 1989 yakaanzishwa mashamba darasa, ambapo kikundi cha wakulima hukutana shambani kila wiki kwa msimu mzima, huhesabu wadudu waharibifu na wale rafiki, huchora wanachokiona, hujadili, kisha huamua kama kuna haja ya kunyunyizia au hapana. Mkulima aliyehitimu hapo hubeba namna ya kuangalia, ambayo itamfaa hata dhidi ya mdudu ambaye mwalimu wake hakuwahi kumtaja. Mashamba darasa yana gharama kubwa kwa kila anayefundishwa, na wasiohudhuria hawajifunzi mengi kwa kutazama tu kutoka upande wa pili wa uzio. Hata hivyo, naona hayana badala katika mambo yanayodai uamuzi wa kila wiki. Kwa jambo jepesi, kama nafasi kati ya shimo na shimo, video fupi au kipindi cha redio kinatosha.

Nani basi awe mjumbe? Nchini Malawi, wachumi Ariel BenYishay na Mushfiq Mobarak walilinganisha maafisa ugani, wakulima wa mfano na wakulima wa kawaida katika kueneza mbinu mpya. Waliofanikiwa zaidi walikuwa wakulima wa kawaida, wenye mashamba na hali inayofanana na ya wenzao, ilimradi walipewa kifuta jasho kidogo kwa kazi hiyo. Bila malipo hayo, waliachana nayo. Tumezoea kumtukuza mkulima wa mfano, ambaye mara nyingi ana ardhi kubwa na uwezo wa kuajiri, kisha tunashangaa majirani zake wanaposema, na kwa haki, kwamba yale yanawezekana kwake yeye tu.

Suala la mjumbe linagusa pia wanawake, ambao kwa makadirio ya mwaka 2011 ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, walikuwa takriban asilimia 43 ya nguvu kazi ya kilimo katika nchi zinazoendelea. Mkutano unapoitishwa kwa wakuu wa kaya, au namba ya simu inapoandikishwa kwa jina la mume, ushauri wa kupalilia na kuhifadhi mbegu unafika kwa mtu asiyefanya kazi hizo. Hapo taarifa haijakosea chochote isipokuwa anwani.

Jina la ugonjwa

Kuna kikwazo kingine kisichozungumzwa sana, nacho ni majina. Mkulima anaposema majani yanageuka manjano, anaweza kuwa anaeleza upungufu wa naitrojeni, maji yaliyotuama kwenye mizizi, virusi, au uzee wa kawaida wa mmea, na kila kimoja kina tiba yake au hakina kabisa. Jamii mbili zinaweza kutumia jina moja kwa magonjwa mawili, au majina mawili kwa ugonjwa mmoja. Watafiti wenyewe walikumbwa na tatizo hilo hilo walipotaka kuunganisha maktaba zao: FAO ilianzisha mfumo wa AGRIS katikati ya miaka ya 1970 ili kukusanya rekodi za machapisho ya kilimo duniani, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikatokea AGROVOC, orodha ya istilahi inayoziunganisha dhana zile zile katika lugha mbalimbali, ambazo leo zimezidi 40. Kazi ya namna hiyo haina mvuto kwa wafadhili, lakini bila yake utafiti uliofanywa kwa Kihispania hauonekani kwa anayetafuta kwa lugha nyingine. Daraja kati ya istilahi za maabara na maneno ya shambani bado ni jembamba, na hujengwa tu pale mtaalamu anapokaa chini na wakulima, akashika jani, akauliza wao wanaliitaje.

Kutoka shamba hadi ghala la dunia

Uhakika wa chakula, kwa tafsiri iliyokubaliwa katika Mkutano wa Dunia wa Chakula uliofanyika Roma mwaka 1996, upo pale watu wote, wakati wote, wanapoweza kupata chakula cha kutosha, salama na chenye lishe. Uzalishaji ni sehemu moja tu ya hilo, na ndiyo maana taarifa zinazohitajika zinavuka mipaka ya shamba.

Msukosuko wa bei wa mwaka 2007 na 2008 ulilionyesha hili waziwazi. Bei ya mchele katika soko la dunia ilipanda zaidi ya maradufu ndani ya miezi michache bila mavuno ya mpunga duniani kuanguka. Nchi zilizohofia upungufu zilizuia kuuza nje, nchi nyingine zikakimbilia kununua kwa wingi, na kila hatua ikaongeza hofu ya wengine, kwa sababu hakuna aliyejua kwa hakika ghala la jirani lina nini. Mwaka 2011, baada ya bei kupanda tena, nchi za G20, kundi la nchi zenye uchumi mkubwa, ziliunda mfumo wa taarifa za masoko ya kilimo, AMIS, unaofuatilia ngano, mahindi, mchele na soya. Takwimu za akiba ndizo ngumu kuliko zote kuzipata, maana serikali huzihesabu kuwa siri na wafanyabiashara huzihesabu kuwa mtaji, na mfumo wa hiari una nguvu kiasi kile tu wanachama wake wanachokubali kufichua.

Upande wa pili wa uwazi unamhusu mkulima mwenyewe. Picha za satelaiti zinaweza kumwezesha mnunuzi mkubwa kukadiria mavuno ya eneo zima kabla mwenye shamba hajavuna, na rekodi za ardhi zikiwekwa wazi bila ulinzi zinaweza kumsaidia anayetafuta mahali pa kununua kwa bei ya chini kabla wenyeji hawajapata fununu. Wanaodai data zote ziwe huria wana hoja nzito kuhusu utafiti unaolipiwa na umma, hali ya hewa na magonjwa, na hapo nakubaliana nao kabisa. Ramani ya shamba la mtu mmoja ni kitu kingine, na ridhaa yake inastahili kuombwa kwa lugha anayoielewa, akielezwa nani ataitumia na kwa ajili ya nini.

Njia ya kurudi

Yote yaliyotangulia yanazungumzia taarifa inayokwenda kwa mkulima. Inayotoka kwake ndiyo iliyopuuzwa zaidi, ilhali ndiyo inayosahihisha ile nyingine. Mashamba yasiyozidi hekta 2 ni takriban asilimia 84 ya mashamba yote duniani, ambayo idadi yake imepita milioni 600, na hakuna taasisi yoyote ya utafiti inayoweza kuweka macho katika kila kona hiyo. Katika ufuatiliaji wa nzige wa jangwani jambo hili lilieleweka mapema, kwa kuwa kundi la nzige linaweza kusafiri hadi kilomita 150 kwa siku: wakaguzi waliopo nyikani huingiza walichokiona katika kifaa, ripoti hupitia satelaiti hadi vituo vya taifa na makao makuu ya FAO mjini Roma, na ramani ya hatari hutengenezwa kutokana na macho hayo. Mwaka 2018 FAO ilitoa programu ya simu ya kuripoti kiwavijeshi vamizi ambayo hufanya kazi hata pasipo mtandao na kutuma rekodi baadaye.

Mifumo mingi ya namna hii hukatika mahali pamoja. Mkulima anahesabu mimea iliyoshambuliwa, anatuma, kisha hasikii lolote: haelezwi kama ripoti yake ilifika, kama vijiji vya jirani vimeona alichokiona, wala kama hesabu yake ilibadilisha ushauri wa msimu huo. Mara ya pili anatuma kwa kusitasita, na mara ya tatu hatumi. Huduma ya ugani inayotaka kudumu inahitaji bajeti ya kujibu, tena jibu la mtu anayelijua eneo hilo, na daftari la maswali yaliyokosa jibu ambalo linafikishwa kwa watafiti kabla ya kupanga majaribio ya msimu unaofuata.